Rangi ya kucha isiyo na sumu: swali la mtengeneza kucha wa Kondele

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kondele, hapa Kisumu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja na sasa nina mimba ya miezi mitatu. Riziki yangu ni kutengeneza kucha. Nimekodi meza katika saluni iliyo orofani, ambamo pia kuna wasusi, na tangu asubuhi hadi jioni huwa nimeinamia mikono ya watu nikipaka rangi za kawaida, jeli za kukaushwa kwa taa, na kwa wale wanaopenda kucha ndefu, akriliki ya poda na maji yake.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikirudi nyumbani kichwa kikiniuma, na siku za wateja wengi, hasa mwisho wa mwezi na msimu wa harusi wa Desemba, nahisi kizunguzungu hata kabla sijafunga kazi. Pamoja na hayo, ncha za vidole vyangu, na hasa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, zinawasha. Ngozi inakauka, inapasuka na kutoa majimaji, kisha inapona nikikaa nyumbani siku chache na kuharibika tena nikirudi kazini. Mwenzangu anasema ni sabuni ya kufulia. Mume wangu anasema ni rangi, na tangu tulipojua kwamba nina mimba amekuwa akinisihi niiache kazi hii kabisa. Sina kazi nyingine, Mama, na kodi ya nyumba hutoka hapa.

Hivi karibuni mteja mmoja aliyetoka Nairobi alikuja na chupa yake mwenyewe iliyoandikwa kwamba haina sumu, ikiwa na nambari 10 kubwa mbele. Nilipoulizia bei nikaambiwa ni zaidi ya shilingi elfu moja, ilhali zile ninazonunua sokoni Kibuye ni shilingi mia moja au mia na hamsini. Kisha muuzaji mwingine akanionyesha chupa za bei ya chini zenye maandishi yayo hayo. Sijui nimwamini nani. Dirisha tunalo, lakini mwenye saluni hulifunga kwa sababu ya vumbi la barabara.

Je, nikibadilisha rangi zote nitapona? Mtoto wangu yuko salama? Na chupa nilizo nazo nizifanyeje, maana ndizo mtaji wangu?

Mtengeneza kucha,
Kondele, Kisumu

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna matatizo mawili ambayo umeyaandika kana kwamba ni moja. Kichwa kinachouma na kizunguzungu kazini mara nyingi hutokana na kile unachokivuta kwa pua, ilhali vidole vinavyowasha na kupasuka hutokana na kile kinachogusa ngozi yako. Visababishi vyake ni tofauti, na chupa ile yenye nambari 10, hata kama kila neno lililoandikwa juu yake ni kweli, inaweza kukupunguzia tatizo la kwanza kidogo tu, na la pili isikusaidie hata kidogo.

Nitaanza na vidole, kwa kuwa ndivyo visivyongoja. Jeli na akriliki hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya akrileti, ambazo zikiwa bado majimaji, yaani kabla taa haijazikausha au poda haijaganda, zina tabia ya kupenya ngozi na kuufundisha mwili kuzikataa. Inayojulikana zaidi ni ile inayoandikwa HEMA kwenye chupa za jeli. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mizio ya ngozi kiliichagua jamii hii ya akrileti kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka huo, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi pekee na ziandikwe onyo kwamba zinaweza kuleta mzio. Sasa tazama vidole ulivyovitaja. Gumba na shahada vya mkono wa kushoto ndivyo unavyoshikia kidole cha mteja huku mkono wa kulia ukipaka, na ugonjwa unaopoa ukikaa nyumbani na kuamka ukirudi mezani unakuelekeza kazini kuliko jikoni. Sabuni ya kufulia haina kesi kubwa hapa, ingawa ngozi iliyokwisha kupasuka huumizwa na kila kitu, sabuni ikiwemo.

Siwezi kukupima kwa barua, na ndiyo maana nakuomba umwone daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa, umweleze kazi yako bila kuficha, umpelekee picha za chupa za jeli na akriliki unazotumia, na umuulize kuhusu kile kipimo cha kubandika vipande vyenye kemikali mgongoni ili kuona ngozi inakataa ipi. Ninalisisitiza hili kwa sababu mzio wa akrileti ukishaingia kwa kawaida hauondoki maishani, na kemikali za jamii hiyo hiyo hutumiwa katika vifaa vya kuziba meno na katika saruji ya kushikilia nyonga na magoti bandia. Ikithibitishwa kwamba unao, daktari wako wa meno lazima ajue. Hadi utakapopimwa, naona ni busara usimamishe jeli na akriliki na ubaki na rangi za kawaida. Najua hilo litapunguza mapato, lakini ni afadhali miezi michache ya mapato madogo kuliko mikono isiyoweza tena kuishika kazi hii.

Ukiruhusiwa kurudi kwenye jeli, usirudi mikono mitupu. Vaa glavu za nitraili, si zile za mpira wa kawaida wala za plastiki laini, na uzibadilishe mara tu zinapodondokewa na jeli, kwa maana akrileti hupenya hata nitraili nyembamba baada ya muda. Usifute brashi kwa kidole. Usiiache jeli iguse ngozi ya mteja pembezoni mwa ukucha, na ikigusa, iondoe kabla ya kuiweka kwenye taa. Paka tabaka nyembamba, na utumie taa iliyotengenezwa kwa ajili ya jeli hiyo, kwa sababu taa dhaifu huacha jeli ikiwa ngumu kwa juu na mbichi kwa ndani, na unapoikwangua baadaye, vumbi lake linalokutua mikononi na usoni bado lina kemikali ambazo hazikukauka. Kuhusu akriliki, jihadhari na maji yake yenye harufu kali mno yanayotoa ukucha mgumu ajabu, usiokubali kupigwa tupa wala kulainika katika asetoni. Mara nyingi hiyo ni dalili ya methili methakrileti (methyl methacrylate), inayofupishwa MMA, ambayo mamlaka za Marekani zilianza kuichukulia hatua katika bidhaa za kucha tangu miaka ya 1970.

Sasa nije kwenye rangi za kawaida. Chupa ya rangi ina nitroselulosi, ambayo ndiyo inayobaki kama utando mgumu juu ya ukucha, ina viyeyusho vya kuifanya imiminike, ina kiungo cha kulainisha ili utando usikatike, na ina rangi yenyewe. Sumu tatu zilizovuma zaidi ni hizi: toluini (toluene), ambayo ni kiyeyusho kinacholeta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Fomaldehaidi (formaldehyde), inayopatikana hasa katika dawa za kukaza kucha, na ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na dibutili fthaleti (dibutyl phthalate), inayofupishwa DBP, kiungo cha kulainisha ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika vipodozi mwaka 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi. Nambari 3 kwenye chupa humaanisha kwamba hizo tatu hazimo. Nambari 5 kwa kawaida huongeza kafuri na utomvu uliotengenezwa kwa fomaldehaidi. Kuanzia 7 hadi 10 na kuendelea kila kampuni huhesabu inavyopenda, kwa kuwa hakuna sheria inayoeleza nambari hizo zinamaanisha nini, na wengine huongeza katika hesabu vitu ambavyo havikuwa na sababu ya kuwa kwenye rangi ya kucha tangu mwanzo.

Wewe umeuliza umwamini nani, na jibu langu ni kwamba maandishi ya mbele ya chupa yasikutoshe. Mwaka 2012 idara ya serikali ya jimbo la California inayodhibiti kemikali zenye sumu ilipima rangi zilizokuwa zikiuzwa kwa saluni, na kati ya 12 zilizodai kwamba hazina toluini, 10 zilikutwa nayo. Kisha kuna suala la kitu kibaya kuondolewa na kingine kuwekwa mahali pake. Kampuni nyingi zilipoacha DBP ziligeukia trifenili fosfeti (triphenyl phosphate), inayofupishwa TPHP au TPP, na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakishirikiana na shirika la Environmental Working Group waliwapima wanawake 26 waliopaka rangi yenye kiungo hicho, wakaona kwamba saa 10 hadi 14 baadaye mabaki yake katika mkojo yalikuwa yameongezeka karibu mara saba. Walipopaka kwenye kucha za bandia juu ya glavu, ongezeko hilo halikuonekana, jambo linaloonyesha kwamba kiungo hicho hupita zaidi kwenye ukucha na ngozi kuliko puani. Kwa hiyo geuza chupa, au kikasha chake, usome orodha ya viungo. Majina niliyoyataja yameandikwa humo kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo sana, lakini ukiyanakili kwenye simu yako utayatambua. Chupa isiyo na orodha ya viungo kabisa, iwe ya Kibuye au ya duka lenye vioo, iache hapo ilipo. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au stika ya ISM kwa bidhaa za kutoka nje, kwa kuwa bidhaa iliyopita njia halali angalau ina mtu wa kuulizwa.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa chupa za bei ghali hawalisemi. Hata rangi yenye nambari 10 ina ethili asetati na butili asetati, ambazo si sumu za kutisha kama zile tatu, ila zikijaa chumbani huumiza kichwa vivyo hivyo. Mteja wako huzivuta kwa muda mfupi kisha akaenda zake, na rangi ikishakauka viyeyusho vyake vimekwisha kupaa, hivyo hata akila ugali kwa mkono ule jioni hana la kuogopa sana. Anayezivuta mkono baada ya mkono, kutwa nzima, ni wewe, na mvuke wa toluini, wa asetati na wa asetoni wote ni mzito kuliko hewa, ndiyo sababu hautoki kwa kupaa darini bali hutulia mezani, pale hasa unapoinamisha uso. Kwa maoni yangu, basi, fedha yako ya kwanza isiende kwenye rangi mpya. Iende kwenye glavu na kwenye feni.

Hamisha meza yako iwe karibu na dirisha, uweke feni kwenye dirisha hilo ikielekea nje ili ivute hewa ya mezani na kuitoa, huku mlango ukiachwa wazi upande wa pili hewa safi iingie. Feni ya darini au inayokuelekea usoni huzungusha tu mvuke ule ule. Pamba zilizolowa asetoni zitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye kikapu kilicho wazi miguuni pako, na kila chupa uifunge mara unapoacha kuitumia. Barakoa za kawaida zinazuia vumbi kiasi fulani, lakini mvuke hupita kana kwamba hakuna kitu. Na kwa kuwa wasusi wenzako wana vikaushio na pasi za nywele, kumbuka kwamba asetoni na rangi hushika moto upesi sana.

Lipo jambo jingine ambalo hukulitaja, lakini nimeliona katika saluni nyingi za Kisumu kwa sababu ya joto letu, nalo ni kuongeza tina (thinner) ya duka la vifaa vya ujenzi ndani ya rangi iliyoganda. Tina ya kupakia nyumba mara nyingi huwa na toluini au zailini, kwa hiyo mtu anaweza kununua chupa safi kwa shilingi elfu moja na kuitia sumu mwenyewe kwa matone machache. Kama rangi imeganda, tumia kilainishi cha rangi ya kucha chenye asetati pekee, au uiache.

Mwenye saluni mwendee kwa heshima, wakati hana wateja, umweleze kwamba unaumwa na kwamba una mimba, na umpendekezee kuosha sakafu mara nyingi zaidi au kutundika pazia jepesi la kuzuia vumbi badala ya kufunga dirisha. Iwapo atakataa, ni vyema ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe hewa safi inapita ya kutosha; sikushauri uanze na sheria, lakini haki hiyo unayo.

Kuhusu mtoto, sitakutisha wala sitakupa uhakika nisioweza kuutoa. Madhara makubwa ya toluini kwa mtoto aliye tumboni yameonekana kwa akina mama walioivuta kwa makusudi na kwa wingi, kiasi ambacho ni mbali na cha saluni. Hata hivyo hakuna faida yoyote ya kuivuta hata kidogo, na kwa muda huu wa mimba naona chupa zenye sumu zile tatu na dawa za kukaza kucha zenye fomaldehaidi zitoke mezani pako kabisa. Zile jeli nilizokuomba usimamishe zina sababu nyingine ya kungoja, kwani nyingi zilitumia kiungo kinachofupishwa TPO, ambacho Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa kuwa majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba kinaweza kudhuru uzazi. Utakapokwenda kliniki, mwambie muuguzi unafanya kazi gani na kwa saa ngapi kwa siku, maana asipoelezwa hawezi kubahatisha. Tena usiseme kila kizunguzungu ni rangi: hapa kwetu kando ya ziwa, mama mjamzito mwenye maumivu ya kichwa na kizunguzungu lazima apimwe malaria, damu na shinikizo, na hilo lifanyike wiki hii hii. Usile mezani pa kazi, na unawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kugusa chakula.

Mume wako ana haki ya kuhofu, naye amehofu kwa upendo. Mwonyeshe barua hii, mwende kliniki pamoja, na mkubaliane kwamba utapunguza saa na kubadilisha namna ya kufanya kazi kabla ya kufikiria kuiacha. Kwa wateja unaoogopa kuwapoteza, waambie ukweli kwamba kwa sasa hutoi jeli. Wengine watakwenda, lakini wapo wajawazito na wenye watoto wadogo ambao watakutafuta kwa sababu hiyo hiyo. Kwa watoto wanaoletwa na mama zao weka rangi chache za maji, ambazo hubanduka mapema lakini hazina harufu ile. Ukipenda, ongeza hina nyekundu ya asili, ambayo hupendeza kwenye kucha na haitaki taa wala asetoni, ila usimpake mtoto mchanga, kwa kuwa wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika maeneo ya malaria, na hina inaweza kuwavunjia seli za damu. Piko nyeusi, ile iitwayo hina nyeusi, usiiguse, kwani rangi ya nywele iliyomo ina kemikali iitwayo PPD ambayo huwababua watu vibaya.

Chupa ulizo nazo zichambue jioni moja, dirisha likiwa wazi. Zile zenye orodha ya viungo isiyotaja sumu nilizozieleza ziendelee kukulipa hadi ziishe, ukinunua nyingine moja moja kadiri zinavyokwisha, ukianza na rangi zinazoombwa sana kama nyekundu na nyeupe. Hakuna sababu ya kununua seti nzima kwa mkopo. Zisizo na orodha, na zile zenye toluini, fomaldehaidi au DBP, usimpe mwenzako wala usimuuzie mtu kwa bei ya chini. Zifunge vizuri, uzitie kwenye mfuko usiopitisha maji na kuzitoa pamoja na taka zinazokusanywa, bila kuzimwaga mtaroni, kwa maana mitaro yetu inaishia ziwani, na bila kuzichoma, kwa kuwa nitroselulosi huwaka kwa nguvu sana.

Mama Mshauri